Picha Inayojua Kungoja

Tarehe 11 Julai 1897 Waswidi watatu walipaa kwa puto kutoka kisiwa cha Danskøya, katika visiwa vya Svalbard, wakitaka kuvuka Ncha ya Kaskazini kwa njia ya anga. Kiongozi wao alikuwa Salomon August Andrée. Wenzake walikuwa Knut Frænkel na kijana Nils Strindberg, aliyechukuliwa kwa ajili ya kazi ya picha. Puto halikumaliza siku tatu hewani. Lilishuka juu ya barafu ya bahari, na watu wale wakaanza kutembea kwa miguu, wakikokota mashua na vyakula kwa majuma mengi, hadi wakafika kisiwa cha Kvitøya. Huko ndiko walikofia.

Katika taabu zote hizo Strindberg hakuacha kupiga picha. Dunia ilikaa bila kujua yaliyowapata hadi Agosti 1930, pale watu wa meli ya Kinorwe iitwayo Bratvaag walipokuta mabaki ya kambi yao. Miongoni mwa vitu vilivyopatikana mwaka ule ilikuwamo mikanda iliyokwisha kupigwa lakini haijasafishwa. Ikapelekwa Stockholm kwa mtaalamu John Hertzberg, naye akaishughulikia kwa subira. Kati ya picha zipatazo 240, zikatoka 93.

Katika moja ya picha hizo puto limelala ubavu juu ya barafu, na mbele yake wamesimama watu wawili wakilitazama, wadogo mno katika weupe ule usio na mpaka. Kwa miaka 33 picha hiyo ilikuwapo, ndani ya mkanda uliolowa na kuganda, na hakuna aliyekuwa ameiona, hata Strindberg aliyeipiga.

Nikiulizwa kwa nini mtu mwenye simu nzuri mfukoni ahangaike na kamera ya mkanda, jibu langu linaanzia Kvitøya. Wengi hutaja sura ya picha: chembechembe zake, rangi zake zilizopoa, ule ukale wake. Siwalaumu, lakini sababu hiyo hainitoshi. Programu za simu zinaiga chembechembe hizo kwa kubonyeza mara moja, na zinaiga vizuri. Kama ni sura peke yake, hakuna haja ya kununua mkanda. Kinachonivuta mimi ni kwamba picha ya mkanda inaweza kungoja. Ikishapigwa haihitaji umeme, wala nywila, wala kampuni ya mbali ya kuitunza. Na anayeipiga naye hana budi ajifunze kungoja.

Uwezo huo unatokana na kemia. Juu ya utepe wa plastiki hupakwa jelatini, ile inayopatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama, na ndani ya jelatini husambazwa fuwele ndogo sana za chumvi ya madini ya fedha. Kitufe kikibonyezwa, mwanga uliotoka kwenye uso wa mtu hupita kwenye lenzi na kuzigonga fuwele hizo. Katika kila fuwele iliyopata mwanga wa kutosha, chembe chache za fedha hujitenga. Ni chache kiasi kwamba hakuna jicho litakaloona badiliko lolote. Lakini alama imekwisha kuwekwa. Dawa ya kusafishia hutafuta fuwele zenye alama hiyo na kuzigeuza kuwa fedha nyeusi, na zile ambazo hazikuguswa na mwanga huondolewa na dawa nyingine, fiksa. Mwingereza John Herschel ndiye aliyegundua mwaka 1819 kwamba chumvi iitwayo haipo (hypo) huyeyusha chumvi za fedha, na mwaka 1839, sanaa ya picha ilipozaliwa, akaonyesha namna ya kuitumia ili picha isiungue kwa mwanga. Fiksa inayouzwa leo ni ndugu wa karibu wa haipo ile.

Kwa hiyo negativu, yaani mkanda uliokwisha kusafishwa, ni kitu kilichokuwapo pale picha ilipopigwa. Mwanga ulioligusa shavu la bibi yako siku ya harusi yake ndio uliokigusa. Picha ya simu nayo huanza kwa mwanga, lakini papo hapo mwanga hugeuzwa kuwa tarakimu, na tarakimu hunakiliwa na kunakiliwa tena hadi asili isijulikane ni ipi. Mimi naona tofauti hiyo ni kubwa, na inazidi kuwa kubwa siku hizi ambapo picha ya mtu asiyekuwapo, mahali pasipokuwapo, hutengenezwa na kompyuta kwa sekunde chache.

Wazee wa biashara hii walikwisha kuambiwa kwamba mkanda unakufa. Aliyeuchimbia kaburi alikuwa mtu wa nyumbani: mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa Kodak, mjini Rochester, aliunda kamera ya dijitali iliyohifadhi picha kwenye kaseti, na kila picha ilichukua sekunde 23 kurekodiwa. Januari 2012 Kodak ikaomba kinga ya mahakama kwa sababu ya madeni. Polaroid ilikuwa imeacha kutengeneza mikanda yake mwaka 2008, na mwaka 2009 Kodak ikatangaza mwisho wa Kodachrome, iliyokuwa sokoni tangu 1935.

Kisha mambo yakaanza kugeuka. Kundi la wapenzi wa Polaroid lilinunua mashine za kiwanda cha Enschede, Uholanzi, na kuanza upya kutafuta namna ya kutengeneza picha zinazotoka hapo hapo. Mwaka 2018 Kodak iliirudisha Ektachrome, ambayo iliiua yenyewe mwaka 2012. Desemba 2023 kiwanda cha Harman huko Mobberley, Uingereza, kinachotengeneza mikanda ya Ilford ya rangi nyeusi na nyeupe, kilitoa mkanda wake wa rangi uitwao Phoenix. Juni 2024 ikaja Pentax 17, kamera mpya kabisa ya mkanda, ambayo hupiga nusu fremu ili mkanda wa picha 36 utoe 72. Kampuni haitengenezi kamera ya mkanda katika zama hizi kwa kuwahurumia wazee. Wanunuzi wengi ni vijana waliozaliwa na kukuta kamera ya dijitali tayari iko nyumbani.

Nimewaona vijana wa namna hiyo Dar es Salaam na Nairobi, wamevaa shingoni kamera za Yashica na Zenit zilizokuwa zimelala makabatini kwa baba na wajomba zao. Wanaulizana bei za mikanda, nani anasafiri Ulaya au Marekani aje nayo, na nani bado ana dawa. Gharama ni kubwa. Mkanda mmoja wa rangi wa Kodak Portra 400 huuzwa Marekani kwa kama dola 15, na hapo bado nauli, ushuru na kusafisha. Gawanya kwa 36 uone kila picha inasimama kwa kiasi gani. Kijana wa chuo hawezi kutupa fedha hizo kwa kupiga kila kinachopita mbele yake. Anasimama. Anaangalia mwanga unatoka wapi, anamwomba mtu ruhusa, anazungumza naye kidogo, ndipo anapiga, mara moja au mbili. Kwenye kamera kubwa za mkanda mpana, kama Rolleiflex, picha ni 12 tu, na mwendo unakuwa wa polepole zaidi.

Na aliyepigwa naye hubadilika. Mtu akipigwa na simu husema papo hapo, "Hebu nione," na akiona kidevu hakikukaa vizuri, picha inafutwa. Mbele ya kamera ya mkanda hakuna cha kuona. Hawezi kuikataa sura yake, wala mpiga picha hawezi kuikataa kazi yake. Wote wawili wameachwa na tumaini. Nimeshuhudia watu wakitulia mbele ya kamera hizi kwa utulivu ambao sijauona mbele ya simu, na naamini sababu ni hiyo.

Sisi tuliokua kabla ya simu tunaujua utaratibu huo. Mpiga picha alikuja kwenye sherehe na flashi yake, akapanga watu, wafupi mbele, warefu nyuma, watoto wakachuchumaa. Akaandika majina kwenye daftari na kuchukua kianzio. "Njooni Jumamosi." Jumamosi ukaenda, ukaambiwa mkanda haujaisha, bado picha sita, na hakuna atakayeusafisha kabla haujaisha. Kuna waliorudi na bahasha iliyojaa, na kuna walioambiwa neno lililouma kuliko yote, kwamba mkanda umeungua. Ubatizo ulipita, maulidi yakapita, na picha haipo. Sitaki kuyapamba maisha yale. Lakini siku bahasha ilipofika nyumbani, kila mtu aliacha alichokuwa akifanya. Picha zilipita mkono kwa mkono, zikishikwa pembeni ili vidole visiache alama, na siku iliyokuwa imekwisha kupita ikaishi mara ya pili.

Leo, maabara nyingi za mitaani zikiwa zimefungwa, anayepiga mkanda wa nyeusi na nyeupe hulazimika kusafisha mwenyewe. Wengi huogopa hatua hii. Mimi naiona ndiyo tamu kuliko zote.

Kinachohitaji giza totoro ni dakika chache za mwanzo tu. Unaingiza mikono ndani ya mfuko mweusi wenye zipu mbili na mikono yenye lastiki, humo ndani ukiwa umeweka kopo la mkanda, mkasi, tangi na gurudumu lake. Macho hayana kazi tena. Unabandua kifuniko cha kopo, unakata ulimi wa mkanda, unatafuta kwa kidole mdomo wa gurudumu, kisha unazungusha kushoto na kulia na mkanda unaingia, kama mtu anayesuka ukili gizani na kuachia vidole vikumbuke. Jasho ndilo adui. Kwenye joto letu mikono hulowa ndani ya mfuko, jelatini huvuta unyevu, na mkanda hugoma kuingia. Afadhali kazi hii ifanywe alfajiri, au usiku feni likiwa limewashwa na mikono imekaushwa kwa taulo.

Tangi likishafungwa, taa zinawashwa. Sasa linakuja suala ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji sana: maji yetu ni ya moto. Dawa nyingi hupimiwa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na maji ya bomba Dar es Salaam wakati wa kaskazi hayafiki huko hata usiku wa manane. Unanunua barafu ya duka la jirani, unaiweka kwenye beseni, unasimamisha chupa za dawa humo na kipimajoto kando yake, na unangoja zishuke. Kwa mkanda wa Ilford HP5 Plus, dawa ya ID-11 ikichanganywa na maji nusu kwa nusu huhitaji dakika 13 kwenye nyuzi 20. Joto likipanda, muda unapungua, na kosa la nyuzi mbili linaonekana kwenye picha. Kila dakika unageuza tangi juu chini mara nne, unaligonga mezani viputo vitoke, unalirudisha kwenye beseni. Huwezi kuondoka. Simu ikiita, iite.

Baada ya dawa ya kwanza unamwaga, unaingiza maji yenye asidi kidogo ya kusimamisha kazi, kisha fiksa. Fiksa iliyotumika imebeba fedha, kwa hiyo isimwagwe ovyo uani wala kwenye shimo karibu na kisima. Wenye uangalifu huikusanya kwenye dumu. Halafu kusuuza. Ilford yenyewe inafundisha njia isiyohitaji bomba kufunguliwa nusu saa: jaza tangi, geuza mara tano, mwaga, jaza, geuza mara kumi, mwaga, jaza tena, geuza mara ishirini, mwaga. Kwa anayeishi mtaa wa maji ya mgawo, njia hii ni neema.

Ndipo unafungua. Unashika ncha ya mkanda na kuuvuta juu, unadondosha maji, na unauona mbele ya taa: nyuso nyeusi, nywele nyeupe, anga jeusi kama lami, vivuli vyepesi vinavyopitisha mwanga. Dunia imegeuzwa, na hata hivyo unamjua kila mtu. Kuna mmoja ulikuwa umemsahau kabisa, alikaa pembeni mwa fremu siku ile, na sasa yupo. Sijapata kuchoka na dakika hiyo.

Kuna jambo jingine, na hili ni la nuru ya kwetu hasa. Saa saba mchana, katika mtaa wa Mji Mkongwe, mzee wa kanzu nyeupe amesimama kando ya ukuta wa chokaa, na mlangoni pa nyumba yuko mwanamke wa buibui. Kwa kamera yoyote ni mtihani mgumu. Kihisi cha dijitali kikijaa mwanga hakina pa kwenda; kanzu inakuwa doa jeupe lisilo na uzi wala mkunjo, na ukifungua faili baadaye hakuna cha kuvuta, kwa maana hakuna kilichoandikwa. Mkanda wa negativu huchukua mwanga mwingi kwa upole. Kadiri mwanga unavyozidi, ndivyo kasi yake ya kujaa inavyopungua, kwa hiyo hata kanzu iliyopigwa na jua la utosi hubaki na darizi yake ya kifuani. Unapima mwanga kwenye buibui, unapiga, na unaiachia kanzu ijitetee. Mpiga picha hodari wa dijitali anaweza kufika huko pia: hupunguza mwanga kwanza, kisha huvuta vivuli kwenye kompyuta. Lakini mkanda hufanya hivyo kwa tabia yake, na kwa mtu wa pwani tabia hiyo ina thamani.

Waliotutangulia waliijua. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Mombasa, N. V. Parekh alipiga watu wa mji ule kuanzia miaka ya 1940. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyejifunza mwenyewe, na ambaye aliunganisha negativu katika chumba cha giza akatengeneza picha za ajabu. Watu walikwenda kwao wakiwa wamejipanga: suti iliyoazimwa, leso mpya, saa ya mkononi iliyosogezwa ili ionekane, redio mezani. Waliketi, wakaambiwa wasipepese, na wakapigwa mara moja. Ukizitazama picha hizo leo huoni watu walioviziwa. Unaona watu walioamua wenyewe wakumbukwe vipi, na kazi ya mpiga picha ilikuwa kuuheshimu uamuzi huo.

Nyingi kati ya picha hizo ni za nyeusi na nyeupe, na kwa sababu hiyo zimewatendea haki waliomo. Mkanda wa rangi haukuanza na haki hiyo. Kwa miongo mingi maabara zilipima rangi kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, kadi ambayo mafundi waliiita Shirley. Sura yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Mtu mweusi aliyesimama kando ya mweupe katika picha moja alitoka meno na macho, uso wake ukazama gizani. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Montreal, alieleza katika makala yake ya mwaka 2009 kwamba malalamiko yaliyoisukuma Kodak kurekebisha kemia yake yalitoka kwa watengeneza chokoleti na watengeneza samani za mbao, waliotaka rangi za kahawia za bidhaa zao zitofautiane. Ngozi zetu zilifaidika kwa kupitia kabati na pipi. Polaroid nayo ilitumika kwenye vitambulisho vya mfumo wa kaburu Afrika Kusini. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo, Caroline Hunter na Ken Williams, walianzisha upinzani, na mwaka 1977 Polaroid ikaondoka nchini humo.

Nayaandika haya kwa sababu wako wanaoupenda mkanda kana kwamba ulikuwa malaika. Ulitengenezwa na watu, ukabeba upofu wao. Mikanda ya rangi inayouzwa leo ni bora mno kwa ngozi nyeusi kuliko ile ya miaka ya 1960, na mwenye kupiga leo anapokea matunda ya ugomvi ambao hakuupigana. Ni vizuri aujue.

Vilevile mkanda haungoji popote. Barafu ya Kvitøya ilimfaa Strindberg. Chumba cha stoo cha Tanga kwenye masika si barafu. Plastiki ya asetati ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kuoza yenyewe, ikitoa harufu ya siki, kisha hunywea na kukunjamana. Ukungu nao hula jelatini, maana kwake ni chakula. Hazina kubwa za studio za pwani zimepotea hivyo, nyingine zikatupwa na warithi waliohitaji chumba. Anayesema negativu hudumu milele hajafungua sanduku lililokaa miaka 40 chini ya bati.

Lakini linganisha na kilicho upande wa pili. Machi 2019 Myspace, uliokuwa mtandao mkubwa wa kijamii, ilitangaza kwamba muziki, picha na video zilizopakiwa zaidi ya miaka mitatu nyuma huenda hazipatikani tena, zimepotea wakati wa kuhamisha data. Hakukuwa na moto wala mafuriko. Faili la dijitali halijui kulala. Lazima kila baada ya miaka michache mtu alihamishe, alilipie, alifungue kuona kama linafunguka. Akichoka huyo mtu, au akifa bila kuacha nywila, kazi imekwisha. Ni wangapi kati yetu tulio na simu ya zamani isiyowaka, na ndani yake miaka mitatu ya kwanza ya mtoto?

Wenye data nyingi kuliko sisi wamelifikiria hili. Mwaka 2017, ndani ya mgodi wa zamani wa makaa ya mawe, ilifunguliwa Arctic World Archive, ghala ambalo kampuni ya Kinorwe iitwayo Piql huhifadhi humo kumbukumbu za mataifa na mashirika. Julai 2020 kampuni ya GitHub iliweka humo nakala ya programu huria za dunia, terabaiti 21, kwenye mikanda 186. Ni mikanda ya picha: madini ya fedha ndani ya jelatini, juu ya poliesta, iliyopigwa na kusafishwa kwa dawa, na data zimeandikwa kwa vidoa vyeusi na vyeupe. Mgodi huo uko Svalbard, visiwa vile vile alikopaa Strindberg na kamera yake. Walipotafuta chombo cha kuwekea maarifa ya kompyuta kwa mamia ya miaka bila umeme, waliokijua kila chombo kilichopo walichagua mkanda.

Sisemi mtu aiache simu. Hati, ajali, mtoto anayeanza kutembea sasa hivi, habari inayotakiwa gazetini kabla ya saa mbili usiku: hiyo ni kazi ya dijitali, na inaifanya vyema. Ninachosema ni kwamba katika mwaka mmoja wa familia kuna siku chache ambazo zinastahili kuwekwa kwenye kitu kinachoshikika. Mtu apige mkanda mmoja tu, wa nyeusi na nyeupe ikiwezekana, kwa kuwa fedha yake hudumu kuliko rangi. Negativu aziweke kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, ndani ya kasha lisilopitisha hewa lenye vifuko vya kukausha unyevu, mbali na jiko na bafu, na aandike majina ya waliomo kwa penseli nje ya bahasha.

Na kabla ya kununua mkanda mpya, tafuta mikanda iliyopo. Katika nyumba nyingi za kwetu kuna droo au sanduku la bati lenye kamera ya babu na kopo moja au mawili ambayo hayakupelekwa studio, labda fedha ilikosekana mwezi ule, labda mwenyewe aliugua. Picha hizo huenda bado zinangoja. Tazama maandishi kwenye kopo. Likiandikwa C-41, maabara yoyote ya rangi iliyobaki inaweza kuusafisha hata leo. Likiandikwa C-22, ni mkanda wa kabla ya katikati ya miaka ya 1970. Dawa zake haziuzwi tena, lakini unaweza kusafishwa kwa dawa ya nyeusi na nyeupe, na sura za watu zikatoka bila rangi. Kodachrome vilevile: maabara ya mwisho duniani iliyoisafisha kwa rangi, huko Parsons, Kansas, ilifunga mlango wa kuipokea tarehe 30 Desemba 2010, lakini njia ya nyeusi na nyeupe bado ipo. Kama mkanda umo ndani ya kamera, usifungue mgongo wake hata kwa kuchungulia. Kwa kamera nyingi, bonyeza kitufe cha chini, zungusha taratibu mkono mdogo wa kurudishia hadi usikie mkanda umeachia, ndipo ufungue. Kisha andika kamera ilikuwa ya nani, ilitumika mwaka gani na ilikaa wapi, ufunge karatasi hiyo pamoja na kopo, kwa sababu fundi atakayeusafisha atahitaji kujua hayo kabla ya kupima dawa yake.